Aliyefua Kanga Zangu

Jambo linalonishangaza mpaka leo ni kwamba hakikuuma. Nilikuwa nalima, nabeba maji kichwani, nakaanga maandazi na kuwauzia wabeba mizigo wa godauni msimu wa pamba, naongea kuliko redio, na muda wote huo ndani yangu kulikuwa na kitu kinakua. Mwili wangu mwenyewe, niliodhani naujua kila kona, ulikaa kimya. Kwa hiyo wewe unayejiambia kwamba kwa kuwa huumwi popote basi u mzima, nakuomba uvumilie unisikilize.

Naitwa Kabula, naishi Sapiwi, nje kidogo ya mji wa Bariadi. Niliolewa nikiwa na miaka kumi na sita, mke wa pili wa Masanja, nikamzalia watoto saba. Mke wa kwanza ni Nyanzobe, amenizidi miaka saba. Siku nilipoletwa pale nyumbani nilifundishwa kumwita Dada, nami nimemwita Dada siku zote, hata ile miaka ambayo tulikuwa tunasalimiana kwa sababu tu watoto wanatuangalia.

Ilianza wakati wa palizi. Nilitoka damu kidogo baada ya kulala na mume wangu, nikasema ni uchovu. Ikaja tena katikati ya mwezi, nikasema umri unasogea, siku zimevurugika. Kisha yakaja maji maji yasiyoisha, na hapo nikampata mtuhumiwa: bomba la dawa. Sisi tunaolima pamba tunapulizia dawa ya wadudu kwa bomba la kubeba mgongoni, na langu lilikuwa linavuja, dawa inatiririka mpaka kiunoni. Nilimtangazia kila mtu kwamba dawa ya funza wa pamba imeniingia tumboni. Nikaazima bomba jingine, zima, nikajisifu kwamba nimejitibu.

Kanga nilizochafua nilikuwa nazificha kwenye beseni chini ya kitanda ili nizifue mwenyewe watu wakiwa shambani. Siku moja homa ikanilaza. Nyanzobe akaingia kuchukua nguo za watoto, akabeba na beseni langu, akaenda nalo lambo, kwenye bwawa la kijiji. Aliporudi hakwenda kuanika. Alisimama mlangoni kwangu mikono ikichuruzika maji.

"Mayu Limi," aliniita kwa jina la binti yangu wa kwanza, "hii damu siyo ya mwezi."

"Nani kakutuma kufua nguo zangu?"

"Hakuna aliyenituma. Nimefua damu nyingi mimi. Ya uzazi naijua, ya mimba iliyotoka naijua. Hii inanuka vingine. Nenda hospitali."

Nilikasirika, nikamwambia aangalie nyumba yake aniachie yangu.  Ila tangu siku hiyo kila tulipokutana uani, badala ya salamu alikuwa na neno moja tu: "Umekwenda?" Asubuhi kisimani, "Umekwenda?" Jioni tukikamua ng'ombe, "Umekwenda?" Mwisho nilikwenda ili ninyamazishe mdomo wa Nyanzobe, sina hekima nyingine ya kujidai nayo.

Pamba ilikuwa imeanza kuvunwa nilipokwenda. Pale hospitali Bariadi tuliketi kwenye benchi refu kwenye korido, wanawake tupu, kila mmoja akiangalia ukuta wa mbele kana kwamba umeandikwa jina lake. Hakuna aliyemwuliza mwenzake amefuata nini. Kila mlango ulipofunguka tulisogea kidogo kila mmoja, na nilipofika mwisho wa benchi nilitamani kurudi mwanzo.

Muuguzi alikuwa binti wa rika la Limi, nami niliona aibu kubwa kumfungulia miguu. Aliniambia anapaka siki. Nikamwuliza siki gani, akasema siki ya kawaida, mama. Ile ile inayokaa kwenye chupa mezani kwa wauza chipsi! Alinieleza kwamba ukiipaka pale kwenye mlango wa kizazi, sehemu yenye shida hubadilika ikawa nyeupe, sehemu isiyo na shida hubaki na rangi yake. Nililala pale nikiangalia dari na kushangaa kwamba kitu cha kachumbari kinajua kutafuta saratani. Ila kwangu siki haikuwa na kazi kubwa, shida ilionekana hata bila hiyo. Binti aliangalia, akatoka kumwita daktari.

Walikata kinyama kidogo, wakakipeleka kupimwa. Majibu yalikuja tukiwa tumemaliza kuvuna na watu wameanza kung'oa miti ya pamba. Daktari alisema ni saratani ya mlango wa kizazi, kwamba haijaenda mbali, kwamba inatibika, lakini kwa mionzi, na mionzi iko Mwanza. Masanja alikuwa ameketi koridoni na fimbo yake katikati ya magoti. Nilipomwambia, aliuliza swali moja tu, kama nitakufa. Nikamwambia daktari amesema inatibika. Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kisha akasimama akaelekea njia isiyokuwa ya kutokea.

Nani atanipeleka Mwanza? Dada zangu walikuwa na watoto wachanga, Limi alikuwa ameolewa mbali. Nyanzobe hakuulizwa na hakuuliza. Asubuhi ya safari nilimkuta kwenye stendi ya Bariadi, mfuko wake wa nguo uko miguuni, ndoo na chupa ya chai mkononi. Tulipofika Lamadi ziwa likaonekana upande wa kulia, na yeye aliyezaliwa na kuzeekea kwenye mbuga za pamba alikuwa halijui kwa macho. Aligeuza shingo akaliangalia mpaka likapotea. "Maji yote haya," alisema, "na sisi tunagombana kisimani."

Mwanza walinipima wakasema damu iko chini mno, mionzi haiwezi kuanza mpaka niongezewe, na ndugu watoe. Wa kwanza kujitolea alikuwa shemeji yangu Mabula, mdogo wake Masanja, aliyekuwa amekuja mjini na lori la ng'ombe. Mabula ni mtu wa kifua, sauti yake inafika kabla yake. Aliingia chumba cha kutolea damu, akaona mtu amelazwa na mpira mwekundu mkononi, akasema anapokea simu nje kidogo. Simu hiyo anaipokea mpaka leo. Nyanzobe aliyekuwa ameketi mlangoni na ndoo yake akakunja mkono wa gauni, akaingia, akalala.

Kesho yake mfuko wa damu ulitundikwa juu yangu. Nyanzobe alivuta kiti akaangalia tone moja moja. "Inaingia," alininong'oneza. "Ona, inaingia. Sasa ukinijibu vibaya unajijibu mwenyewe." Baadaye nilimwuliza muuguzi kwa siri, akaniambia damu ya ndugu huenda kwenye akiba ya hospitali, na mgonjwa hupewa yoyote inayofanana na yake, kwa hiyo huenda nilipewa ya mtu nisiyemjua kabisa. Nilistaajabu mara mbili, kwanza kwa mtu huyo nisiyemjua, pili kwa Nyanzobe aliyekuwa anatembea wodini kama mama aliyejifungua. Sikumwambia.

Mionzi nilienda Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki baada ya wiki. Walinichora mistari tumboni na mapajani, wakasema nisiisugue nikioga. Unalala kwenye kitanda kigumu, watu wote wanatoka, mlango mzito unafungwa, na mashine kubwa inakuzunguka ikivuma kidogo. Haikugusi. Siku ya kwanza nilitoka nikamwambia Nyanzobe kwamba sijafanyiwa kitu. Wiki ya tatu nilijua nimefanyiwa. Choo kilinikimbiza, mkojo uliwaka, ngozi ya kinena ikawa nyeusi kama sufuria, na uchovu ulinishika mpaka kuinua kikombe cha uji ikawa kazi ya kujipanga. Mara moja kwa wiki nilitundikiwa dawa ya maji, na siku hiyo harufu ya chakula chochote ilinitoa chumbani. Hedhi ilikatika na haikurudi. Nilikuwa mama wa watoto saba, sikuhitaji wa nane, na bado nililia.

Kwenye benchi la kusubiri mionzi kulikuwa na mwanamke wa Lamadi, mchuuzi wa samaki, jina lake Mama Neema. Alikuwa mbele yangu kwa wiki moja, kwa hiyo kila kilichonipata yeye alikuwa amekipitia. "Usiogope, shoga," aliniambia. "Dagaa wanaanikwa juani siku mbili na wanakaa mwaka mzima. Sisi tukitoka hapa hatuozi tena." Benchi zima lilicheka, hata yule bibi aliyekuwa hajasema neno tangu aje. Baada ya hapo tukaanza kuulizana majina, na mtu akikosekana asubuhi tulimtafuta kwa simu.

Nyanzobe alifua. Tulikuwa tunakaa kwa mpwa wa Masanja, na kila siku nilipotoka hospitali nilikuta kanga zangu ziko kambani, safi. Nilikuwa nimemwona mwanamke huyu kwa zaidi ya miaka ishirini kama mtu niliyegawana naye mume, na sasa nilimwona akiinama kwenye beseni juu ya uchafu wangu akiimba nyimbo za palizi. Sikujua niweke wapi macho yangu.

Mwishoni kabisa, tukiwa tumebakiza mionzi ya ndani, ile inayoingizwa kwa vyuma na ambayo sitakudanganya kwamba ni rahisi, Masanja alipiga simu. Sauti yake ilikuwa chini. "Mama Limi, ukirudi, urudi peke yako. Nyanzobe asije kwanza."

"Kwa nini?"

"Mabula amekwenda kwa mganga. Wameambiwa umetupiwa na mtu aliyeshika damu yako. Watu wanasema mbona yeye alijua unaumwa kabla yako mwenyewe. Na macho yake unayajua."

Macho ya Nyanzobe ni mekundu. Amepikia miti ya pamba na mavi ya ng'ombe tangu akiwa mtoto, na moshi haujawahi kumwacha mtu macho meupe. Lakini huku kwetu mama mwenye macho mekundu akishatajwa, neno halirudi mdomoni. Nawajua waliohama wakiacha chakula jikoni, na namjua mmoja ambaye hakuwahi kuhama. Simu yangu ilikuwa na sauti kubwa na Nyanzobe alikuwa amekaa mkekani karibu yangu akimenya viazi. Hakuinua uso. Alimaliza kiazi alichokuwa nacho, akachukua kingine.

"Ningeacha zile kanga kwenye beseni," alisema baadaye, "ungekuwa umekufa, na mimi ningekuwa msafi."

Hapo ndipo woga wangu ulipobadilika. Nilikuwa nimezoea kuogopa kufa mimi. Sasa niliona naponywa kila siku kwa mkono wa mtu ambaye kupona kwangu hakutamsaidia, na kwamba nikirudi nimenyamaza, watamuua kwa ajili yangu.

Asubuhi nilimsubiri muuguzi mmoja wa pale, mwanamke mtu mzima mwenye miwani, nikamwuliza, "Sista, ugonjwa huu mtu anaweza kutupiwa?"

Hakucheka. "Umeambiwa umetupiwa?"

"Kuna mtu ameambiwa ametupa."

Aliweka faili lake mezani akavuta kiti. "Sikiliza, mama. Chanzo chake ni kirusi. Kinapita kati ya mtu na mtu kwenye tendo la ndoa. Karibu kila aliyewahi kulala na mwenzake hukutana nacho siku moja. Wengi miili yao inakifukuza, hata hawajui kilipita. Kwa wachache kinabaki, kinaharibu polepole, miaka kumi, hata ishirini."

"Kwa hiyo mimi ni mzinzi?"

"Nimesema hivyo? Unaweza kuwa na mume mmoja tangu usichana na ukakipata. Nani alikileta na lini, hakuna kipimo kitakachokuambia. Uliolewa na miaka mingapi?"

Nikamwambia. Akauliza nimezaa mara ngapi, kama navuta sigara, kama nimepima Virusi vya UKIMWI, kama mume ana wake wengine, kama kabla ya hapo nimewahi kupimwa mlango wa kizazi hata mara moja. Alinieleza kwamba kuolewa mdogo, kuzaa mara nyingi, sigara, kinga ya mwili kushuka, vyote hivyo hukipa kile kirusi nafasi, lakini kinachoua wengi ni kutopima, kwa sababu kabla hakijawa saratani kinakaa miaka kikiwa kitu kidogo cha kuondolewa kwa dakika chache. Kisha akaniambia mabinti zangu wadogo wachanjwe shuleni, nisikubali mtu aniambie chanjo ile inafunga uzazi. Mwisho akauliza, "Na mke mwenzio amepima?"

Nyanzobe alikuwa nje na chupa ya chai. Alitoa damu, alifua, alipika, alilala sakafuni, na hakuna mtu, mimi wa kwanza, aliyewahi kufikiri kwamba naye ana mwili. Nilipomwambia alipunga mkono. "Tumalize kwanza ya kwako."

Nilikaa siku nzima na maneno ya yule muuguzi. Nilistaajabu kwa kweli. Kitu kisichoonekana kiliingia kwangu labda nikiwa msichana wa miaka kumi na sita, bado naogopa giza la nyumba ya watu, kikapita katika mimba saba, ngoma za mavuno, misiba na harusi za watoto, hakikusema neno. Mtu gani wa kumtupia mwenzake kitu chenye subira kiasi hicho? Lakini niliona pia shimo lililo mbele yangu. Nikisimama mbele ya ukoo na kusema chanzo ni tendo la ndoa, Nyanzobe atatoka na mimi nitaingia. Watasikia neno moja tu, uzinzi.

Matibabu yalipokwisha mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Mama Neema, aliyekuwa ametangulia kurudi kwake, alisema kwa simu kwamba Nyanzobe ashukie Lamadi akae naye mpaka apewe habari. Alitusubiri stendi, mwembamba, kilemba kikubwa kichwani, akamshika Nyanzobe mkono kama wamelelewa pamoja. "Huku kwetu sote tuna macho mekundu," alisema, "moshi wa samaki haubagui." Basi liliondoka nikiwa nawaangalia kwa dirisha la nyuma.

Kikao kilikaa kesho yake asubuhi ng'ombe wakiwa wametoka. Walikuja baba wadogo wa Masanja, Mabula, shangazi wawili na wake wa ukoo. Nilisalimia, "Ng'wangaluka," wakaitikia. Wanaume walikaa kwenye vigoda, wanawake mkekani. Mimi nilisimama kwa sababu kukaa kulikuwa bado kunaniuma. Mabula alianza. Alieleza alichoambiwa na mganga, akaeleza habari ya kanga, akamalizia kwamba Nyanzobe hakutosheka, ameniingizia na damu yake, nimerudi hai ili nimalizwe nyumbani.

Niliomba kusema. Huku kwetu mke hasemi habari za kitandani mbele ya wakwe, na nilizisema. Nilitaja kirusi, nikataja kinavyopita, nikataja umri niliolewa nao, watoto niliozaa, na miaka yote ambayo hakuna aliyenipima. Nilisema Nyanzobe alijua kwa pua yake, na kwamba nisingekuwa nimesimama pale kama asingekuwa yeye. Shangazi mmoja alijifunika uso kwa kanga. Mmoja wa baba wadogo aliangalia miguu yake kana kwamba ameiona leo.

"Shemeji," Mabula alisema, "kwa hiyo ulikuwa unatembea nje ya ndoa?"

"Sijatembea."

"Basi unasema kaka yangu ndiye ametembea?"

"Sijasema hivyo. Nasema hakuna kipimo cha kujua kilitoka kwa nani."

Mabula akawageukia wazee akifungua mikono. "Mmesikia. Ugonjwa usio na mwenyewe. Sasa kama huo si uchawi, uchawi ni upi?"

 Nilikuwa nimebeba ukweli kutoka Mwanza, na jinsi nilivyouweka mbele yao ndivyo ulivyomfunga Nyanzobe zaidi. Wazee walianza kutikisa vichwa. Mmoja alisema polepole kwamba ni vizuri Nyanzobe abaki huko huko alipo, kwa usalama wake. Sote tulijua maana ya neno usalama.

"Una mwenyewe," sauti ikasema.

Ilikuwa ya Masanja.  Aliweka fimbo yake chini, akasimama. Mume wangu ni mtu anayeheshimiwa kwa ng'ombe wake na kwa kutoongea sana.

"Mabula," alisema, "tulikaa Katavi na ng'ombe misimu miwili. Tulikuwa wote, wewe na mimi. Unataka niendelee, au inatosha?"

Mabula alifunga mdomo. Sijawahi kuona mtu mwenye sauti kubwa akikosa hata kikohozi.

"Nimewaoa hawa wawili," Masanja aliendelea. "Mmoja ameugua, mwingine amemfulia. Mimi niliyelala kwa wote hakuna aliyeniangalia macho yangu yana rangi gani. Kama ni lazima mtu atoke kwenye mji huu, nitoke mimi."

 Baba mdogo mkubwa akauliza kama chai imeiva, na kwa watu wa kwetu hiyo ndiyo hukumu, shauri limekwisha. Wanawake walinyanyuka kuelekea jikoni. Mabula aliondoka bila kunywa.

Nitasema ukweli, moyo wangu ulikwenda pande mbili kwa mpigo. Katavi iliniuma. Niliwahi kuihisi na sikuwahi kuiuliza, na kuisikia ikitajwa mbele ya shangazi zake kulinikata. Na papo hapo nilimwangalia yule mtu niliyedhani anapenda heshima yake kuliko sisi wote, ameichukua akaivua hadharani kama koti, ili mwanamke asiuawe. Wala hakuwa na hakika kwamba ni yeye. Muuguzi alisema hakuna ajuaye, na Masanja nilikuwa nimemwambia hivyo usiku wa kuamkia kikao. Niliogopa kumgusa. Alikuwa mkubwa kuliko nilivyomjua. Mambo yetu ya chumbani yalichukua muda mrefu kurudi, kwa sababu ya mwili wangu na kwa sababu ya Katavi, na hapo pia kulikuwa na kazi ya uvumilivu ambayo hakuna mashine ya kuifanya.

Alimfuata Nyanzobe Lamadi yeye mwenyewe. Hawakuja nyumbani moja kwa moja. Nilikuwa nimeshawaambia, nikawasubiri Bariadi hospitali, pale pale kwenye benchi la korido. Masanja alikaa katikati ya wanawake, mwanamume peke yake, na wanawake waliomsogelea kwa mashaka mwisho walimwuliza bei ya ng'ombe. Nyanzobe alikuwa amenuna. Alisema yeye haumwi, hatoki damu, hana maji maji, na kwamba amejinusa kwa pua yake mwenyewe na hasikii kitu. Nilimwuliza neno moja, kila alipoacha kusema: "Umekwenda?" Akaingia ili ninyamaze.

Waliniruhusu nisimame karibu na kichwa chake. Ni yule yule binti aliyenipima mimi. Alipaka siki, akasubiri, akavuta taa karibu. Niliona uso wake unabadilika kidogo, nami nikamshika Nyanzobe bega.

"Mama, kuna sehemu imekuwa nyeupe," binti alisema. "Ndogo, kama ukucha wa kidole kidogo. Haijawa saratani. Ingeachwa, ingekuwa. Mkikubali naichoma sasa hivi kwa joto, ni dakika chache, na leo leo mnarudi nyumbani."

 Wangemfukuza kwa kunitupia ugonjwa, naye angeuchukua ule ule ndani yake akaondoka nao porini, akafa nao mahali ambapo hakuna mtu wa kufua kanga zake, na sisi huku tungesema tumepona uchawi. Machozi yalinitoka nikashindwa kumweleza. Lakini Nyanzobe alikuwa ameelewa mwenyewe. Alilala akiangalia dari muda mrefu, miguu imefunguliwa mbele ya yule mtoto wa watu, na yale macho yake mekundu yakaanza kucheka kabla ya mdomo.

"Mayu Limi," aliniita, "nenda kamwambie Mabula. Mwulize huyu mchawi wake ni wa aina gani, anayejiroga mwenyewe."

Tulicheka mpaka binti akatuomba tutulie kidogo, ili amalize kazi yake.